Flashi, eksteno au Drive: mwanafunzi wa Unguja na Pemba anunue nini?

Ukipita steshenari yoyote ya jirani na chuo wiki ya kukabidhi tasnifu, iwe Tunguu au Chake Chake, hukosi kumkuta mtu kashika kichwa. Flashi imechomekwa, kompyuta inadai ifomatiwe kwanza (yaani ifutwe na kupangwa upya), na mwenye duka keshaanza kumhudumia anayefuata. Mara nyingi balaa hilo lilianzia dukani, siku aliponunua GB nyingi kwa pesa kidogo.

Kazi za chuo ni nyepesi. Tasnifu nzima, picha na majedwali yake, kwa kawaida haifiki hata GB 1. Ndiyo maana sipangi kwa ukubwa. Najiuliza tu: kifaa hiki nikikisahau kwenye daladala leo, kesho nitakabidhi nini?

1. Flashi mbili za GB 32 pamoja na Drive

Hili ndilo chaguo langu kwa wengi. Kwa nini mbili? Kwa sababu ile ile inayomfanya mtu aende msikitini Ijumaa na champali za zamani. Flashi moja ni ya kutembea: ndani yake weka PDF ya kuchapisha tu, basi. Ya pili haitoki nyumbani.

Kompyuta ya steshenari huingiliwa na flashi za watu kutwa nzima, na virusi wanaopenda sana kuhama hapo ni wale wanaoficha mafolda yako na kukuachia njia za mkato zenye jina lile lile. Usizibofye, na usikubali kufomati. Faili huwa zimo, zimefichwa tu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako), zitajitokeza. Kisha ipitishe kwenye programu ya kuua virusi.

PDF nayo ina faida nyingine. Wanaoandika Kiarabu wanajua: faili ya Word ikifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti zako, aya na irabu zake huvurugika. PDF iliyobeba fonti zake hutoka kama ulivyoiandika.

Drive ya Google inakupa GB 15 bure, ila Gmail na picha za simu zinakula humo humo. Zima upakiaji wa picha, la sivyo itajaa na hata barua pepe zitagoma kuingia. Gmail haikuruhusu kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25, kwa hiyo faili kubwa mtumie msimamizi kiungo. Na zile namba za akiba za kuingilia akaunti ya Google (backup codes) ziandike kwenye daftari. Simu ikiibiwa na laini ikaenda nayo, utazihitaji.

Mbona nisiseme Drive peke yake? Bando huisha, na umeme wetu unavuka bahari kwa waya kutoka Bara. Tuliokuwepo Unguja Desemba 2009 hadi Machi 2010 tunalikumbuka lile giza.

2. SSD ya nje

Ni diski ya kuchomeka inayohifadhi kwa chipu, na inawafaa wa habari, usanifu na wanaorekodi video. Haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo haisumbuki na mitikisiko ya barabara. Ukiifomati, chagua mpangilio wa exFAT, kwa sababu ule wa FAT32 haukubali faili moja inayozidi GB 4. Mwingine yeyote hana haja nayo.

3. Eksteno ya kawaida

Hii ni diski ya nje ya kizamani (external). Kwa bei yake inabeba mengi, lakini ndani kuna sahani inayozunguka. Ikianguka kutoka mezani huku inafanya kazi, imekwisha. Iache nyumbani iwe ghala.

4. WhatsApp

Ni dharura tu. Tuma kama hati, mpaka GB 2 inapita. Ukituma kama picha, inabanwa na ubora unapungua.

Ya mwisho kabisa: flashi ya "2TB" ya bei ya chee

Niliinunua mwenyewe, duka silitaji. Kompyuta ilisoma 2TB bila wasiwasi. Nikamimina mihadhara ya muhula mzima, majina yote yakaonekana, nikafurahi. Usiku nikabofya wa kwanza ukafunguka, wa pili ukafunguka, kuanzia wa tisa kila mmoja ukaniambia umeharibika. Ndani mna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo: ikijaa, inaendelea kupokea na kutupa, au inaandika juu ya vya zamani. Majina yanabaki, vitu havimo.

Kwa hiyo ukienda Darajani nenda na laptopu, na mkubaliane na muuzaji kabisa kwamba utaijaribu kabla ya kulipa. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi mpaka mwisho kisha ikaisoma upya. Flashi ya GB 32 inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, basi agiza urojo usubiri. Muuzaji akianza kununa kabla hata hujachomeka, mrudishie flashi yake.