Makasha ya plastiki yenye mpira kwenye meza ya kujazia risasi: uzoefu wangu

Niliyanunua kwa sababu ya panya, na kwa upande wa panya nimeridhika kabisa. Ni makasha ya plastiki inayoonyesha ndani, kifuniko kimezungushiwa mpira wa kuzibia, na vibano viko pande zote nne. Nayatumia kwenye meza ninayojazia upya risasi za mazoezi ya shabaha, yaani kutia baruti na vichwa vipya kwenye maganda ya shaba yaliyokwisha tumika. Tangu yaingie, ile harufu ya mkojo chini ya rafu imekwisha.

Watu huuliza panya anafuata nini kwenye meza ya vyuma na shaba. Anafuata chakula, nacho kipo. Mashine ya kusugulia maganda hutumia magunzi ya mahindi yaliyosagwa, na mfuko wa magunzi ulioachwa wazi ni mwaliko kwa panya na wadudu. Mafuta ya kulainishia maganda mara nyingi yana nta ya nyuki au lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Mende hana hata haja ya hayo. Gundi ya lebo na karatasi ya boksi vinamtosha. Hili la lebo ndilo linaloniuma zaidi. Boksi la risasi zilizokwisha jazwa likipoteza lebo, hujui tena ndani mna baruti ya aina gani wala kipimo gani. Risasi hizo haziingii kwenye bunduki. Zote ni za kufumuliwa, na kazi yote imepotea.

Mkojo nao una madhara yake. Ganda la risasi ni shaba ya manjano, kwa kawaida mchanganyiko wa shaba 70% na zinki 30%, na adui yake mkubwa ni amonia. Jeshi la Uingereza nchini India katika karne ya 19 lilikuta maganda yakipasuka yenyewe yakiwa akibani, kwa sababu wakati wa mvua risasi zilihifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Chanzo kilikuja kuelezwa mwaka 1921 na Moore, Beckinsale na Mallinson: amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa ikishambulia shaba iliyobaki na mkazo ndani yake tangu ilipofinyangwa. Mkojo wa panya ukioza hutoa amonia hiyohiyo. Ni kidogo, lakini sioni sababu ya kuiruhusu iguse maganda ninayotaka kuyatumia tena na tena. Ndiyo maana hata ile dawa ya kusafishia vioo yenye amonia haikai tena mezani kwangu.

Ndani ya makasha naweka maganda yaliyosafishwa, vichwa vya risasi, magunzi, vitambaa, na kalibu (vyuma vyenye tundu vya kurudishia ganda umbo lake) zikiwa na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Kalibu zikiachwa wazi, nyigu wa udongo hupenda kujenga kwenye matundu yake, na udongo ule ukiingia ndani hukwaruza kila ganda linalopita.

Baruti na fataki (vile vidude vya kitakoni mwa ganda vinavyowasha baruti) haziingii humo kabisa, na ningependa muuzaji aandike hivyo kwenye kifuniko. Baruti isiyo na moshi ikishika moto mahali pasipobanwa huwaka kwa kasi tu. Ikiwa imefungiwa kwenye chombo kigumu kilichozibwa barabara, shinikizo hupanda mpaka chombo kilipuke. Kopo lake la kiwandani limetengenezwa liachie mapema, kabla shinikizo halijawa kubwa. Fataki nazo zibaki kwenye trei zake zilikotoka, maana zikimwagwa pamoja, moja ikilipuka huwasha nyingine.

Sasa kasoro. Kasha kubwa likijazwa vichwa vya risasi hulemewa: kitako hubonyea, ukingo hujipinda, na upande mmoja mpira hauzibi tena. Ukilitazama kwa mbali utadhani limefungwa. Nunua ya ukubwa mdogo, hata kama yanakula nafasi zaidi. Pia plastiki ni plastiki. Panya mdogo ameyashindwa, lakini panya mkubwa mwenye njaa anaweza kutafuna kona. Bado unahitaji kuziba matundu ya ukutani kwa pamba ya chuma, kwani panya mdogo hupenya kwenye tundu la milimita 6. Tena, hewa ikiwa kavu plastiki hii hukusanya umemetuli (umeme wa msuguano, unaoweza kutoa cheche) na kuvuta vumbi, kwa hiyo makasha nayaweka mbali na mahali ninapopimia baruti.

Usafi wa meza yenyewe umekuwa mwepesi, kwa kuwa juu yake hakuna tena vitu vya kuhamisha. Napangusa kwa kitambaa chenye unyevu, sifagii pakavu, maana masizi ya fataki yana madini ya risasi na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Kinyesi cha panya vilevile: vaa glavu, kilowanishe kwa dawa ya klorini, sehemu moja kwa kumi za maji, subiri dakika 5 ndipo ukiokote, kisha futa kwa maji chuma kilichoguswa na dawa na ukikaushe kabla hakijashika kutu. Punje za baruti zilizomwagika nazikusanya kwa brashi laini. Mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi ina mota inayotoa cheche, haisogei hapo. Dawa za kupuliza za wadudu nazo sizitaki karibu na fataki, kwa kuwa mafuta yake yanaweza kuziharibu, na gesi inayosukuma dawa mara nyingi hushika moto. Mitego ya gundi kwenye miguu ya meza inatosha, na mende wanaonaswa wamepungua sana tangu magunzi yafungiwe.

Nimekwisha agiza mengine, yote ya ukubwa mdogo, na moja nimelitenga kwa ajili ya daftari la vipimo na lebo za akiba.