Seva zangu kwenye Debian: uzoefu wangu baada ya kuachana na mfumo wa kulipia leseni

Niseme mapema: seva ninazozisimamia sasa karibu zote ziko kwenye Debian, mfumo huria wa Linux ambao msimbo wake (maandishi ya programu) yeyote anaweza kuusoma, na nilikotoka sirudi. Wengi wakisikia hivyo hudhani nimekimbia gharama. Gharama ilikuwepo, ila kilichonihamisha ni kutaka kujua seva yangu inafanya nini pale inapoharibikiwa.

Mfumo wa kulipia niliokuwa nautumia awali ulikuwa mzuri siku za amani. Ukikwama, unapewa namba ya kosa, unafungua tiketi, unaombwa utume faili la kumbukumbu ambalo wewe mwenyewe huwezi kulisoma, kisha unasubiri. Jibu nililolipata mara nyingi lilikuwa niwashe upya. Seva ikiinuka, hakuna anayejua ilianguka kwa nini, na ndiyo maana itaanguka tena.

Nitoe mfano wa upande wa pili, kwenye Debian. Hifadhidata ya PostgreSQL ilianza kukataa kuandika chochote. Amri ya df -h ikaonyesha diski imejaa asilimia 100, lakini du ilipojumlisha mafaili, jumla haikufika hata nusu ya diski. Nafasi iliyobaki imekwenda wapi? Nikaandika lsof +L1, amri inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikiliwa, na jibu likaja hapo hapo: faili kubwa la kumbukumbu (logi) lilikuwa limefutwa, ila programu iliyokuwa ikiliandika bado ilikuwa imelishikilia. Linux hairudishi nafasi ya faili lililofutwa mpaka programu ya mwisho iliyolifungua ilifunge. Nikaiwasha upya programu hiyo peke yake, nafasi ikarudi, hifadhidata ikaendelea na kazi bila seva kuzimwa. Nilimaliza nikiwa najua chanzo, nikarekebisha mpangilio wa logi, na tatizo halikujirudia. Kwangu hilo lina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Kuna hoja kwamba msimbo ukiwa wazi, wahalifu nao wanausoma. Ni kweli wanausoma. Na uwazi peke yake haulindi mtu: kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed kwenye OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano ya mtandao, ilikaa hadharani tangu 2012 hadi ilipotangazwa Aprili 2014. Lakini tazama yaliyotokea Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayechangia PostgreSQL, aliona kuingia kwenye seva kwa mbali kupitia SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri umepachikwa kwenye xz, programu huria ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Hakuhitaji ruhusa ya kampuni yoyote kuchimbua. Toleo thabiti la Debian, ndilo ninalolitumia, halikuwa limeyapokea matoleo hayo. Yalikuwa yameishia kwenye matawi ya majaribio. Ule ukongwe wa vifurushi (programu zinazokuja na Debian) ambao watu huulalamikia, hapo ulikuwa kinga.

Hata hivyo ukongwe huo unakera ukihitaji kitu kipya. Kwa PostgreSQL naongeza hazina ya vifurushi ya mradi wenyewe na mambo yanakwenda. Debian hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka 2, na kila toleo huhudumiwa kwa miaka 5 ukihesabu na ule muda wa nyongeza, kwa hiyo hakuna haraka ya kuhama.

Leseni huria nayo si karatasi tu. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, mfumo mwingine huria wa seva, ambayo watu walitarajia itahudumiwa hadi 2029, ingeishia mwisho wa 2021. Usumbufu ulikuwa mkubwa, lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, mifumo mbadala ya Rocky Linux na AlmaLinux ilizaliwa na waliotaka wakahamia huko. Mfumo wenye msimbo uliofungwa, mwenye nao akiuacha, umeachwa.

Sasa, pale ambapo sishauri kuhama. Ofisi yenye kompyuta nyingi za Windows, akaunti za wafanyakazi na sera za usalama zinazosukumwa kutoka sehemu moja, ibaki na Windows Server na Active Directory, huduma yake ya kusimamia akaunti na sera hizo. Samba, programu huria, inaweza kazi hiyo tangu toleo la 4.0 la 2012, na nimeiona ikifanya kazi, ila inadai fundi anayeielewa kwa undani awepo karibu. Vivyo hivyo kama programu yako ya uhasibu imeandikwa kwa Windows tu, usilazimishe. Na asiyekuwa na fundi kabisa asidhani Debian itajiendesha yenyewe. Kampuni za Red Hat na SUSE huuza huduma ya msaada juu ya programu huria, na fedha hiyo haipotei bure.

Anayetaka kujaribu aanze na seva ya tovuti, Nginx au Apache, kabla ya kugusa hifadhidata. Awashe unattended-upgrades ili viraka vya usalama viingie vyenyewe. Na nakala rudufu airejeshe kwenye mashine nyingine kabisa, aone data inafunguka, ndipo azime seva ya zamani.