Vyombo vya kulia kwa nyumba ya Lamu: nini ununue kwanza, nini uache dukani

Nyumba nyingi za Lamu hula kwa namna mbili. Siku za kawaida ni mkeka na sinia, watu wanne wakizunguka wali na mchuzi. Akija mkwe au mgeni wa heshima, meza hutandikwa kitambaa na kila mtu akapata sahani yake. Tatizo ni kwamba pesa yote huishia kwenye meza ya mgeni, ambayo hutandikwa kwa nadra, huku sinia la kila siku likiwa la alumini lililobonyea. Mpangilio huu unafuata kinachotumika zaidi, na pia kinachofika kikiwa kizima, maana mzigo ukitoka Mombasa hupanda basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, kisha ukamalizia kwa mkokoteni au mgongoni mwa punda.

1. Sinia la stili

Kwa watu wanne tafuta lenye kipenyo cha sentimita 45 hadi 50. Alumini ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini hubonyea upesi, na ndimu na ukwaju huila. Ukilishika sinia la stili, pitisha kidole ukingoni pote. Ukingo uliokunjwa vizuri ni laini. Uliokunjwa ovyo utakukata unapoosha, na mafuta ya pilau yatajificha humo. Kisha liweke sakafuni hapo dukani ulibonyeze upande mmoja. Likiyumba, lirudishe.

Nunua mawili ya saizi moja. Mwezi wa Ramadhani hutajuta, wala siku ya kulisha watu wa Maulidi. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na sinia likiachwa likauke lenyewe hubaki na madoa meupe. Lifute kwa kitambaa kikavu, na yaliyokwisha kushika yasugue kwa ndimu. Pamoja na sinia chukua bakuli nne ndogo za mchuzi na pilipili, birika na bakuli la kunawia, na kawa mbili za kufunikia. Kawa usinunue ya plastiki. Ya ukili hupitisha mvuke, chakula hakitoki jasho.

2. Sahani nyeupe za kaure, zinazouzwa moja moja

Hizi ndizo za meza ya wageni, na neno la kuzingatia ni nyeupe. Sahani ya maua ikivunjika hupati mwenzake. Nyeupe utapata nyingine mwakani, hata kama kimo kimepishana kidogo. Kama familia na wageni wako hawazidi sita, nunua nane.

Wengi huchukua sahani bapa za sentimita 27 peke yake. Ni sawa kwa biriani. Lakini wali wa nazi na mchuzi wa samaki juu ya sahani bapa hukimbilia ukingoni, na mgeni anabaki kuuchunga asichafue kitambaa. Sahani ya kina kidogo, ya sentimita 22 hivi, inafaa zaidi kwa chakula chetu, na ningeanza na hiyo kabla ya ile bapa.

Kuipima si kazi. Isimamishe juu ya ncha za vidole, uigonge kwa kifundo cha kidole cha mkono mwingine. Nzima hulia kwa sauti ndefu; yenye ufa usioonekana hutoa mlio mfupi, mzito. Igeuze uguse ule mviringo wa chini usiopakwa rangi ya kung'aa. Ukikwaruza kidole, utakwaruza meza na sahani itakayolala chini yake. Kuna pia kaure iliyochanganywa na jivu la mifupa ya wanyama, nyembamba na ya bei. Kama jambo hilo lina uzito kwenu, uliza kabla ya kulipa. Kaure ya kawaida haina mfupa.

(Usishawishike kuwa kaure ni mtindo wa kisasa. Vipande vya kaure ya Kichina vimepatikana kwa wingi Gedi, karibu na Malindi, na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za kale za Lamu zilipambwa kwa bakuli na sahani za namna hiyo.)

3. Sahani za kioo cheupe

Ni nyepesi, zinapangika kabatini bila kula nafasi, hazishiki harufu ya samaki. Zingekuwa za pili kama si jambo moja: zikianguka hutawanyika vipande vidogo vikali, na sisi tunakaa sakafuni, miguu mitupu, watoto wakitambaa. Nyumba isiyo na watoto, sawa.

4. Melamini

Hii ni plastiki ngumu, nzuri kwa mahamri na mbaazi za asubuhi, kwa watoto, na kwa kubeba chakula ufukweni Shela. Isiingie maikrowevu. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula, BfR, inashauri isitumike kwa joto linalozidi nyuzi 70, kwa hiyo mchuzi unaotoka motoni usimiminwe humo. Bizari ya manjano pia huitia doa lisilotoka.

5. Bati la enameli

Halivunjiki, basi. Likibanduka rangi huingia kutu, na kwa hewa yetu ya bahari kutu haichelewi.

Ya kuacha: seti kubwa ya boksi

Boksi likiandikwa vipande 72, hesabu sahani za kulia. Vifuniko, visosi na hata vijiko huwa vimehesabiwa humo. Gawa bei kwa sahani utakazotumia kweli, ndipo uone ghali ni ipi. Nyingi zina ukingo wa dhahabu, ambao hauingii maikrowevu na hufifia kwa kusuguliwa.

Kwa upande wa meza yenyewe, kila mtu apate sentimita 60. Uma kushoto, kisu kulia makali yakielekea sahani, kijiko kulia kwa kisu, bilauri juu ya kisu. Seti za visu vya samaki ziache. Samaki wa kupaka hulika kwa mkono, na birika la kunawia lipite kabla na baada, likianzia kwa mgeni, hata kama uma umewekwa.

Ukinunua Mombasa, fungua boksi hapo hapo dukani na ugonge sahani moja moja. Kila moja ifungwe kwa gazeti, zipangwe zikiwa zimesimama wima badala ya kulala, na mapengo yajazwe matambara. Boti ikifika Lamu, mzigo huo ubebe mwenyewe mkononi.