Benchi la mvule lililogoma kukauka: vanishi, mafuta ya nazi na mafuta ya linsidi

Mkwe wangu alikuja kutupa mkono wa Idi, akakaa kwenye benchi langu jipya pale dakani. Alipoinuka, kanzu ilichelewa kumfuata. Haikuraruka, lakini ile sauti ya kubanduka tuliisikia sote. Vanishi ilikuwa na siku kumi na mbili tangu nipake.

Benchi nililiunda mwenyewe kwa mbao za mvule. Mimi si seremala, ila kwa mtu wa Lamu anayepita kila siku mbele ya milango ya nakshi, tamaa ya kushika patasi haikosi. Viungo vilikaa sawa. Aibu ilikuwa juu: kunata, vumbi na manyoya ya paka vimegandia, na mabaka meupe kama ukungu kwa sababu nilipaka siku ya mvua.

Nikaanza kuisema vibaya vanishi ile kwa kila mtu, mpaka ami yangu, fundi wa majahazi kule Matondoni, alipopitisha kidole juu ya mbao, akakinusa.

"Mwanangu, kabla ya vanishi ulipaka nini?"

"Mafuta ya nazi, ami. Ili rangi ya mbao itokeze."

Alicheka mpaka akakaa chini (si kwenye benchi). "Umeitia mbao mafuta ya nywele!"

Mafuta ya nazi hayakauki, hata uyaache mwaka. Vanishi iliyokaa juu yake haina pa kushika. Na mvule wenyewe una utomvu unaochelewesha vanishi ya mafuta kukauka, kwa hiyo mimi nilikuwa nimeongeza tatizo juu ya tatizo. Nilipaka vanishi ileile kwenye kipande cha mvule kilichobaki, kisichoonja nazi, baada ya kukifuta kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Siku ya pili kilikuwa kikavu.

Kuitoa vanishi kwenye benchi ndiko kulikonitoa jasho. Msasa haufai mwanzoni: vanishi inayonata inauziba kwa mipapaso mitatu. Ami alinipa kipande cha kioo, nikakwangua nacho polepole kufuata nyuzi za mbao, nikiinama mpaka kiuno kikalalamika. Kisha tina na matambara, nikibadilisha tambara kila lilipochafuka. Ukirudia lilelile unayasambaza mafuta tu. Hapo ndipo msasa, namba 80, halafu 120, halafu 180.

Safari hii nilichagua mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, kopo la lita moja kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Yanatokana na mbegu za kitani, na tofauti na nazi, haya hukauka. Unapaka, unasubiri kama dakika ishirini, kisha unafuta yote yaliyobaki juu. Yote. Ukiyaacha yatuame, utanata tena. Nilipaka mara tatu, kila mara nikingoja siku mbili, na mvua ilikuwa imeshakatika.

Jambo moja ami alilisema bila kucheka: matambara ya linsidi usiyakunje ukayatupa pembeni, yanaweza kupata moto yenyewe kwa yenyewe. Yatandaze kwenye kamba, nje, yakauke. Jirani yangu ana paa la makuti. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Mng'aro wa linsidi si wa kioo, ni wa chini chini, na rangi ya mvule imekoza kuelekea kahawia ya dhahabu. Nimeupenda kuliko nilivyotarajia. Kasoro zipo: harufu ilikaa nyumbani karibu wiki, na maji hayazuiwi sana. Gilasi ya maji baridi iliyosahauliwa usiku mmoja imeacha duara ambalo bado naliona, ingawa wengine wanasema hawalioni. Nikiwa na meza ya kulia chakula nisingetumia linsidi peke yake.

Mkwe amekaa tena, baada ya kupapasa kwanza kwa kiganja. Nusu kopo ya vanishi iliyobaki nimeipaka madirisha ya juu. Imekauka vizuri sana.