Geji ya kompresheni ya kuskrubu: inafaa kwa mashine ya boti ya silinda mbili

Injini ikimisi, wengi hukimbilia kabureta. Geji hii ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, yenye mpira mrefu na nyuzi za milimita 14 za kuskrubu kwenye tundu la plagi, inakujulisha kwanza kama silinda zenyewe ni nzima. Ile ya kubana kwa mkono haifai: huvujisha upepo.

Pasha injini, toa plagi zote, chomoa kamba ya usalama (ya kuzimia injini) na ushikize waya za plagi kwenye bodi. Fungua moto (throto) wote, kisha vuta stata hadi mshale usimame, kwa kawaida mara tano au sita. Tofauti ya vipimo vya silinda ikizidi asilimia 10, kuna tatizo. Tia kijiko cha chai cha oili kwenye silinda iliyo chini, upime tena: ikipanda, shuku ringi za pistoni, isipopanda, angalia gasketi ya hedi au pistoni iliyotoboka. Zikilingana vizuri, rudi kwenye plagi, koili na mafuta.

Udhaifu wake ni kivalvu cha ncha ya mpira. Kikichakaa, mshale haushikilii. Usiweke cha tairi ingawa kinaingia. Springi yake ni ngumu, hivyo geji itasoma chini na utafungua injini nzima bure.