Pevingi ya baraza la nyuma, Kinyerezi: mafundi walioanza na chini

Nimesubiri masika yote yapite ndipo niandike, maana pevingi ikiwa mpya kila mtu anaisifia. Sasa mvua zimekwisha, baraza limekauka, na hakuna bloku hata moja iliyobonyea. Mafundi hawa nawasifia kwa roho moja, na sababu yenyewe iko chini ya bloku, mahali ambapo mgeni haoni.

Udongo wa kwetu, upande huu unaopanda kuelekea vilima vya Pugu, una mfinyanzi mwingi. Kiangazi unapasuka, mvua zikianza unavimba. Mtaani kwetu kuna nyumba kadhaa zenye bloku za bei mbaya kabisa ambazo baada ya vuli moja tu zilizama katikati, maji yanatuama na watoto wanajikwaa. Zikifukuliwa, unakuta mchanga umemwagwa moja kwa moja juu ya udongo, basi. Ndiyo maana nilipotafuta mafundi sikuanza na bei wala rangi. Niliuliza: chini mnaweka nini, na unene gani?

Wengi walinijibu, "Mchanga tu dada, tunasawazisha vizuri." Hawa niliowachukua walikuja na koleo wakachimba kwanza. Fundi mkuu akachukua donge la udongo mbichi, akalisokota kwenye viganja mpaka likawa uzi mrefu usiokatika. Akanionyesha. "Dada, huu ni mfinyanzi mtupu. Hapa tunatoa sentimita 24, vinginevyo nitakula hela yako bure." Hesabu yake ilikuwa wazi: kifusi cha kokoto sentimita 15, mchanga 3, bloku 6. Juu ya hapo akahakikisha uso wa bloku unabaki sentimita 15 chini ya ile nailoni ya kuzuia unyevu ukutani, ili maji ya mvua yakiruka yasipande kwenye ukuta.

Baraza ni mita 5 kwa 4. Walifunga kamba kwenye vigingi, wakapima usawa kwa mpira wa maji, wakateremsha sentimita 1.5 kwa kila mita kutoka ukutani kwenda bustanini. Kwa mita 4 hiyo ni sentimita 6. Kilichonifurahisha ni kwamba mteremko walianza kuuchonga kwenye udongo wenyewe, huko chini kabisa. Mafundi wengine huacha chini pakiwa tambarare halafu wanatafuta mteremko kwa mchanga, huku mwingi, kule kidogo. Palipo na mchanga mwingi ndipo patakapobonyea, kwa sababu mchanga mnene unaendelea kujipanga kila unapokanyagwa.

Juu ya udongo walitandika kitambaa cha kuchujia, kinachopitisha maji lakini kinazuia tope lisipande kuchanganyika na kifusi. Kisha kikaja kifusi chenyewe, yaani kokoto mchanganyiko ya Lugoba, yenye mawe madogo pamoja na vumbi lake. Kwa eneo langu ujazo ulioshindiliwa ni mita za ujazo 3, lakini tuliagiza karibu 4 kwa sababu kifusi kikishindiliwa kinapungua. Hawakumwaga yote kwa mkupuo. Walimwaga nusu, wakanyunyiza maji kidogo, wakashindilia kwa mashine ya sahani, ile yenye bamba la chuma linalotetema, ndipo wakaleta nusu ya pili. Mwanzoni mashine inazama na mlio wake ni mzito. Kifusi kikishakaza, inaanza kurukaruka na mlio unakuwa mkavu. Nilipokanyaga kwa kisigino haikubaki alama.

Tukaja kwenye mchanga, na hapa ndipo walipojitofautisha kabisa. Lori la kwanza walilikataa palepale getini. Fundi alijaza mchanga nusu chupa ya maji ya kunywa, akaongeza maji na chumvi kidogo, akatikisa, akaiweka kivulini. Baada ya saa chache mchanga ulikuwa umekaa chini na juu yake tabaka nene la tope la kahawia. Kwa kipimo hicho, tope likizidi takribani asilimia 8 ya mchanga, huo haufai. Mchanga wa ufukweni hawaugusi pia, chumvi yake hutoka juu ya bloku kama unga mweupe. Uliokubaliwa ni wa mto, kutoka upande wa Mpiji, chembe zake kali unazisikia ukizisugua vidoleni.

Niliuliza kwa nini wasitumie vumbi la kokoto, maana ndilo linalotumika sana hapa mjini na ni rahisi kupatikana. Jibu lilikuwa kwamba lina unga mwingi, linashika maji, na mvua ya siku mbili mfululizo inaweza kuligeuza uji chini ya bloku. Mimi nimeridhika na jibu hilo.

Kusawazisha kulikuwa kazi ya kutulia. Walilaza mabomba mawili ya chuma ya inchi moja juu ya kifusi (kwa nje bomba hilo lina karibu milimita 33), wakajaza mchanga wenye unyevu katikati, wakavuta rula ya aluminiamu juu ya mabomba. Kisha bomba linatolewa taratibu na mfereji wake unajazwa kwa mwiko. Hakuna kukanyaga! Kijana mmoja aliyekatiza njia alirudishwa kutifua na kusawazisha upya alipopita. Walitayarisha kipande kidogo tu kwa wakati, wakapanga bloku wakiwa wamesimama juu ya zile zilizokwisha kupangwa. Kingo zilizuiwa kwa zege pande zote, mashine ikapita juu ikiwa na mpira chini yake, na mchanga laini uliokauka ukafagiliwa kwenye nafasi kati ya bloku.

Nina malalamiko mawili. Kitambaa hakikuwemo kwenye makadirio ya kwanza, nikaambiwa kazi ikiwa imeshaanza. Kitu cha lazima kiasi hicho kiandikwe mapema. Na mashine yao ni ya kukodi, ilichelewa, shimo likabaki wazi huku wingu limetanda. Bahati walikuwa na turubai.

Tangu hapo kazi yangu imekuwa ndogo. Sisimizi wamechimbua mchanga kwenye nafasi kadhaa karibu na mlango wa jikoni, nikafagilia mwingine mkavu. Mwakani nataka wanitengenezee njia ya gari kutoka getini, na wameshaniambia kwamba huko bloku zitakuwa za milimita 80 na kifusi kitaongezwa, ila mchanga utabaki unene uleule.