Darasa la jioni Barani: hapa ndipo nilipoelewa alama za TEAS

Mume wangu yuko Ohio, na karatasi zangu za kumfuata zikikamilika nataka nisomee unesi huko. Shule nyingi za unesi za Marekani hazikupokei mpaka ufanye mtihani wa kuingilia, na mmoja unaotakiwa sana ni TEAS. Saiba moja hapa Malindi iliniuzia kijitabu cha fotokopi kwa shilingi 800. Kiliandikwa kwamba ukikosa swali unakatwa alama. Miezi miwili nzima nikawa naacha wazi kila swali nisilokuwa na hakika nalo. Nikikumbuka roho huniuma, kwani si kweli. TEAS haikati alama kwa kosa. Swali uliloliacha na ulilolikosa ni mamoja.

Shoga yangu ndiye aliyenipeleka mtaa wa Barani, kwenye chumba cha ghorofani anakofundisha nesi mstaafu tunayemwita Bi Mwalimu. Ni jioni tatu kwa wiki, baada ya magharibi, shilingi 3,500 kwa mwezi.

Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Alileta sinia na mfuko wa kunde, akatuambia tuhesabu punje 170, kwa kuwa hayo ndiyo maswali ya mtihani mzima, na dakika zake ni 209. Tukazigawa mafungu manne: kusoma 45, hesabu 38, sayansi 50, Kiingereza 37. Kisha akasema, "Fumbeni macho, wanangu." Tulipofumbua alikuwa na punje 20 kiganjani: sita za kusoma, nne za hesabu, sita za sayansi, nne za Kiingereza. Akatueleza kwamba hayo ni maswali ambayo wenye mtihani wanayajaribu tu, hayana alama, ila yamechanganywa na mengine na hakuna atakayekuonyesha ni yapi. Kwa hivyo unajibu yote. Zilizobaki kwenye sinia, 150, ndizo zinazohesabiwa.

Halafu akaiomba karatasi yangu ya mazoezi. Nilikuwa nimepata kusoma 29 kati ya 39, hesabu 17 kati ya 34, sayansi 20 kati ya 44, Kiingereza 29 kati ya 33. Mimi hesabu yangu ilikuwa kuchukua asilimia ya kila fungu, kuzijumlisha zote nne na kugawa kwa nne, nikapata 64.4. Nikafurahi, maana shule ninayoitaka haishuki chini ya 64. Bi Mwalimu akazisogeza punje zangu upande mmoja wa sinia, moja kwa kila swali nililopata, mpaka 95. Tisini na tano kati ya 150 ni 63.3. Kiingereza changu kizuri kilikuwa kimenifichia udhaifu wa sayansi, na fungu la sayansi ndilo kubwa kuliko yote. Akachukua punje moja zaidi, akaiweka juu ya zangu: 96, yaani 64 kamili. Mimi kwenye sayansi pekee nilikuwa nimeacha maswali tisa wazi. Nilitokwa na machozi pale pale mbele za watu.

Alituonya pia kwamba katika mtihani wenyewe alama hurekebishwa kidogo kulingana na ugumu wa toleo ulilopewa, kwa hivyo hesabu ya sinia inakupa makadirio tu. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Wengi wanaofundisha mambo haya wanataka uwaamini kwa kila tarakimu.

Kasoro zipo. Chumba kina joto sana, feni ni moja, na umeme ukikatika tunasoma kwa tochi za simu. Lakini linalonisumbua zaidi ni kwamba hakuna kompyuta hata moja. TEAS siku hizi hufanywa kwenye kompyuta, kikokotoo kimo humo humo kwenye skrini, na yapo maswali ya kupanga majibu kwa utaratibu au kubofya mahali kwenye picha. Hayo huwezi kuyazoea kwa karatasi. Nimemwambia, akasema anatafuta laptopu mbili za mitumba. Asipozipata mapema, ningemsihi apunguze ada.

Nilirudia mazoezi wiki iliyopita bila kuacha swali hata moja. Nimepata 106, na sayansi imepanda hadi 28. Mwezi ujao nalipa tena.